NACHINGWEA YA UINGEREZA

Mtatuwia radhi ikiwa leo tunaacha khabari za matawi na michango, tukaingia katika mambo ya nchi za nje, ambayo wengi hudhani ni ya mabalozi na mawaziri peke yao. Sisi wauza chumvi na sabuni twasema ni yetu pia, kwani gharama yake huja kulipwa dukani.

Zipo Nachingwea mbili. Moja ni hii ya korosho na ufuta, tuijuayo kwa miguu. Ya pili ni ya makaratasi, jina lake Nachingwea U.K. Limited, kampuni iliyoandikishwa Uingereza. Nyuma yake ilisimama kampuni ya Australia, Indiana Resources, iliyokuwa ikitafuta nikeli katika kilima cha Ntaka, wilayani Nachingwea. Mtu atauliza, Waustralia wana haja gani ya kuvaa joho la Kiingereza? Jawabu ni kwamba mwaka 1994 Serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba na Uingereza wa kulinda mali ya wenye mitaji. Kwa mkataba huo kampuni ya Kiingereza yaweza kuishitaki Serikali mbele ya baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, lenye makao yake Washington. Mkulima wa Ruangwa akinyang'anywa shamba hana mlango kama huo. Yeye ataanza kwa mtendaji wa kijiji, na aghlabu atamalizia hapo hapo.

Mwaka 2017 sheria ya madini ilibadilishwa na leseni za kuhodhi maeneo zikafutwa, na ya Ntaka ilikuwamo. Miswada ile ilipitishwa kwa hati ya dharura, wapinzani wakiomba muda wa kuisoma. Kampuni ikashitaki mwaka 2020, na gharama za kesi ikakopeshwa na kampuni nyingine ambayo biashara yake ni hiyo, kukopesha wenye kesi. (Sisi twakopesha unga, na kulipwa ni kwa majaaliwa.) Julai 2023 wasuluhishi wakaamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109. Julai 2024 pande mbili zikapatana kwa dola milioni 90. Nikeli yenyewe ingali ardhini.

Waama, hatusemi kwamba Serikali ina haki ya kumpokonya mtu leseni aliyompa kwa mkono wake. Kuvunja ahadi ni kuvunja ahadi, hata kama aliyeahidiwa ni tajiri. Twauliza jambo la nyuma yake: mwaka ule wa 1994, ni nani aliyekuwa akinong'ona masikioni mwa walioketi mezani? Korosho haikuulizwa.

Wala jambo hili si geni huku kwetu. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, mtoto wa Unilever, aliipelekea Serikali ya Uingereza shauri la kulima karanga Tanganyika, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta na kampuni ile ilikuwa na kazi ya mafuta. Kabla mwaka haujakwisha shauri la mfanya biashara likawa siasa ya dola. Ekari zaidi ya milioni tatu ziliwekwa kwenye makadirio, na Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoanza kusimamia kazi, mpaka shirika la Serikali lilipoipokea mwaka 1948. Ikajengwa bandari Mtwara, na reli ikaja hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mambo yakavunjika, na kiasi cha pauni milioni 36 za Waingereza walipa kodi zikafutwa vitabuni. Reli iling'olewa baadaye. Wazee wetu hawakuulizwa kama udongo huu wafaa, ilhali ndio waliokuwa wakiulima.

Na hiyo ilikuwa hasara ya fedha tu. Huko Katanga, Julai 1960, Tshombe alipojitenga, kampuni ya Union Minière ililipa kodi zake kwake, si kwa Serikali ya Lumumba, na maofisa wa Ubelgiji wakamsaidia. Januari 1961 Lumumba aliuawa huko huko Katanga. Bunge la Ubelgiji lilichunguza na mwaka 2001 likakiri kwamba baadhi ya mawaziri wa nchi yao wana dhima ya kimaadili.

Ndugu wa visiwani msiseme hayo ni ya bara. Mambo ya nchi za nje yamo katika orodha ya mambo ya Muungano tangu 1964, na saini ya mkataba ikitiwa, inawafunga Unguja na Pemba kama inavyotufunga sisi. Katiba nayo inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Mwaka 2019 mkataba wa namna hii na Uholanzi ulikoma, basi yawezekana.

Kwa hiyo twawataka wabunge wa chama chetu wasimame na kuuliza kwa majina: mikataba mingapi ya kulinda mitaji ingalipo, na nchi zipi, na lini kila mmoja waweza kuvunjwa. Majibu yachapwe kwa Kiswahili. Sisi tutayabandika mlangoni pa duka.