Kitunguu saumu nacho kiulizwe hospitalini

Mgonjwa akiulizwa na daktari anatumia dawa gani, hutaja vidonge vya presha na vya sukari. Punje za kitunguu saumu anazomeza kila alfajiri kwa maji ya uvuguvugu hazitaji. Azitaje za nini? Si kiungo tu cha pilau?

Kiungo ndiyo, lakini kina nguvu. Punje ikipondwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake huzalisha alisini, kemikali inayoua bakteria na ndiyo yenye ile harufu kali. Wakemia wa Marekani, Cavallito na Bailey, waliieleza mwaka 1944. Moto hukidhoofisha kimeng'enya hicho, kwa hiyo anayekula kitunguu saumu kwenye mchuzi na anayekimeza kibichi, au kwa vidonge vya dukani, hawali kitu kimoja. Vidonge hivyo huweza kushusha presha kidogo. Kidogo tu, wala si cha kumfanya mtu aache dawa za hospitali.

Nguvu hiyohiyo huleta balaa. Mwaka 2001 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitangaza kuwa vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa takriban nusu kiwango cha saquinavir, dawa ya VVU, katika damu. Hata hivyo, mwaka 2006, kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Toronto, banda la Afrika Kusini lilipambwa kwa kitunguu saumu, limau na viazisukari vyekundu, kana kwamba ni tiba ya VVU. Lawama zilizofuata zilistahili.

Kitunguu saumu pia huchelewesha damu kuganda. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, ana haki ya kuambiwa hivyo mapema. Kuna na wanaokiponda na kukifunga kwenye ngozi, hata ya mtoto mchanga. Madaktari wameandika mara nyingi kuhusu majeraha ya kuungua yanayotokana na tiba hiyo.

Na ile chupa ya kitunguu saumu kilichosagwa na mafuta? Isikae kabatini. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria inayopoozesha misuli, kwa kula kitunguu saumu cha mafuta ambacho hakikuwekwa kwenye friji.

Wagonjwa hulaumiwa kwa kuficha, ilhali wengi hawafichi: hawajaulizwa, au waliwahi kutaja mitishamba wakafokewa. Swali la nyongeza kwenye chumba cha daktari, "na cha jikoni unatumia nini?", halina gharama, mradi liulizwe bila dharau.

Wapishi waendelee kupika. Ila mwenye tarehe ya kufanyiwa upasuaji aache vidonge vya kitunguu saumu angalau siku 7 kabla, na amweleze daktari wa usingizi kwamba alikuwa akivitumia.