Risasi Hazikubagua, Mshahara Ulibagua

Juzi nilikaa nikaitazama tena Glory, ile filamu ya mwaka 1989 iliyompa Denzel Washington Oscar yake ya kwanza. Kila nikifika mwisho, pale askari weusi wanapokimbia kwenye mchanga wa ufukweni kuelekea ngomeni, bendera ikiwa mbele, nasisimka mwili mzima. Filamu inaisha, tunafuta machozi, tunakwenda kulala. Safari hii usingizi ulinipaa, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na shambulio lenyewe, maana hilo si la kutunga. Ilikuwa tarehe 18 Julai 1863, Wamarekani wakiwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Fort Wagner ilikuwa ngome ya mchanga na magogo kwenye kisiwa cha Morris, kwenye lango la bandari ya Charleston, South Carolina. Waliokuwa ndani ni askari wa Kusini, ile sehemu iliyojitenga ili iendelee kumiliki watumwa. Jeshi la Kaskazini lilishajaribu kuiteka wiki moja kabla likarudi mikono mitupu. Sasa likaipiga mizinga kutwa nzima, ya nchi kavu na ya melini. Wakubwa wakaamini waliomo ndani wameshasagika. Kumbe mchanga unameza mabomu! Wenye ngome walikuwa wamejichimbia chini, wazima kabisa, wanasubiri.

Giza lilipoanza kuingia, iliyotangulizwa mbele ni Rejimenti ya 54 ya Massachusetts: askari weusi wapatao 600 chini ya maofisa weupe. Siku mbili nyuma walikuwa wamepigana kisiwa cha jirani, halafu wakatembea usiku kwenye mvua na matope. Walifika na njaa na usingizi. Kulia kwao bahari, kushoto kinamasi, na kadiri walivyosonga ndivyo njia ilivyozidi kubana. Hapakuwa na pa kujificha. Wakachomeka singe kwenye bunduki, wakakimbia. Wakavuka handaki lenye maji huku wenzao wakianguka, wakaparamia ukuta. Kanali wao, Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25, akafia pale juu. Sajenti William Carney akaokoa bendera akiwa na majeraha kadhaa mwilini. Medali ya heshima alikuja kupewa mwaka 1900, miaka 37 baadaye.

Rejimenti ile ilipoteza zaidi ya watu 270 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Kaskazini kwa jumla walifikia kama 1,500. Ngome haikutekwa usiku ule. Ilikuja kuachwa na wenyewe Septemba mwaka huohuo, baada ya Kaskazini kuisogelea kidogo kidogo kwa kuchimba mahandaki, kazi ambayo sehemu kubwa walibebeshwa askari weusi haohao. Kwa maneno mengine, kilichoshindikana kwa singe kiliwezekana kwa koleo.

Sasa twende kwenye kilichoninyima usingizi. Watu hawa waliandikishwa kwa ahadi ya dola 13 kwa mwezi, sawa na askari mweupe. Serikali ikageuka, ikasema mweusi atapata dola 10, na katika hizo zikatwe 3 za nguo. Zinabaki 7. Mweupe alipewa 13 na posho ya nguo juu yake. Kisingizio kilikuwa sheria ya mwaka 1862 iliyowahesabu watu weusi jeshini kama vibarua.

Wakazikataa hizo dola 7. Filamu inaligusa jambo hili kwa tukio moja kabla ya vita, makaratasi yanachanwa, shangwe, tunaendelea. Ukweli ni kwamba mgomo uliendelea zaidi ya mwaka mzima, hata baada ya Wagner. Jimbo la Massachusetts lilijitolea kuwafidia pengo kutoka hazina yake. Wakakataa pia! Hoja yao ilikuwa kwamba anayewadai damu ni serikali ya Marekani, basi ilipe hiyohiyo. Huku nyumbani wake na watoto wanateseka.

Kwenye kikosi hicho alikuwamo koplo mmoja, James Henry Gooding, aliyekuwa akiandika barua kutoka vitani na kuchapishwa kwenye gazeti la New Bedford Mercury. Mwanahabari mwenzangu huyo! Septemba 1863, miezi miwili baada ya Wagner, alimwandikia Rais Lincoln moja kwa moja kumuuliza kama wao ni askari au ni vibarua. Februari 1864 akajeruhiwa na kutekwa kwenye vita vya Olustee, Florida. Julai akafia gerezani Andersonville, Georgia. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kusawazisha mishahara mwezi Juni, lakini fedha zenyewe ziliwafikia wenzake Septemba. Hakuonja hata senti yake.

Na kuna Sajenti William Walker wa kikosi kingine cha weusi, cha South Carolina. Yeye aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini mbele ya hema la kamanda kwa sababu ya mshahara huohuo. Jeshi lake lenyewe likampiga risasi Februari 1864 kwa kosa la uasi.

Maoni yangu ni haya. Tunapenda sana ujasiri wa kukimbilia mizinga kwa sababu haumgharimu mkubwa chochote. Ukifa, atakujengea sanamu. Ujasiri wa kumwambia mkubwa "nilipe nilichoahidiwa" unamgharimu fedha na aibu, ndiyo maana sanamu zake ni za kutafuta kwa tochi. Waliopanda ukuta wa Wagner na waliokataa dola 7 ni watu walewale. Kuwasifia la kwanza tukanyamazia la pili ni kuwapunja mara ya pili.

Ukiiangalia Glory wikiendi hii, lia tu, hata mimi nililia. Ila ikiisha, mkumbuke na Gooding. Au wadau mnaonaje, nimekosea?