Mgonjwa wa Kisukari Anaporejea Nyumbani

Juma hili, ndugu msomaji, twazungumzia ugonjwa ambao wengi huudhania kuwa wa wazee na wa matajiri, nao huwaingia hata watoto wa shule: ugonjwa wa kisukari. Twamfikiria hasa mzazi wa Busia au Tororo anayetoka hospitalini na mtoto aliyenusurika, mkononi ana chupa ndogo ya insulini, mabomba ya sindano na daftari la kliniki. Tangu saa hiyo muuguzi ni yeye.

Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Mojawapo ya kazi zake ni kutengeneza insulini, ambayo huifungulia mlango sukari iliyomo katika damu ipate kuingia mwilini na kutumika kuwa nguvu. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kongosho haliwezi tena kazi hiyo. Sukari hurundikana katika damu na kutoka kwa mkojo, ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mtoto hunywa maji bila kukata kiu, hukojoa usiku kucha, na hukonda ingawa anakula. Mwili uliokosa sukari huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na mabaki ya moto huo ni asidi inayoweza kuua kwa siku chache.

Kabla ya insulini kupatikana, mtoto wa namna hii hakuwa na tumaini. Mwaka 1921, mjini Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliipata dawa hiyo katika makongosho ya mbwa, wakaijaribu kwa mbwa wenye kisukari. Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo. Kwa miaka mingi baadaye insulini ya kuwatibu binadamu ilitolewa katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Hata paka wa nyumbani huupata ugonjwa wa kisukari, na hutibiwa kwa sindano hiyohiyo. Hilo latosha kutuonyesha kwamba hii ni kasoro ya kiungo. Si uchawi, wala si laana ya ukoo.

INSULINI HAIKATIZWI

Katika yote yatakayosemwa hapa, hili lishikwe kwanza: insulini haikatizwi hata siku moja. Hatari kubwa huja baada ya majuma machache, mtoto anapokuwa amenenepa na kurudi uwanjani kucheza. Hapo ndipo jirani husema amepona, na mwingine huleta mizizi ya kuchemsha. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Ni kweli kwamba miezi ya mwanzo kongosho laweza kupata nguvu kidogo, na daktari akapunguza kipimo. Lakini nguvu hiyo hupita. Kipimo hupunguzwa na daktari, si na jirani, na kupunguza si kuacha. Sala zisizuiwe, sindano nayo isizuiwe.

CHUPA NA BOMBA LAKE

Chupa ya kawaida ina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100. Jumla ni yuniti 1,000. Mtoto anayechomwa yuniti 25 kwa siku angeweza kuitumia siku 40. Lakini chupa ikishafunguliwa hutumika kwa majuma manne tu, kisha huachwa ijapokuwa ina masalio. Basi siku ya kuifungua, andika tarehe juu yake, na chupa ya pili itafutwe kabla ya ile ya kwanza kwisha. Familia yenye watoto na iulize hospitalini juu ya mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009 na kuwafikishia watoto insulini bila malipo katika nchi kadhaa, Uganda na Kenya zikiwemo.

Bomba nalo lazima lioane na chupa. Bomba la insulini ya yuniti 100 limeandikwa 100, na aghalabu kifuniko chake ni cha rangi ya chungwa. Yapo pia mabomba ya yuniti 40, ya kifuniko chekundu, ambayo bado hutumika kwa dawa za paka na mbwa. Mtu akichota insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi mstari wa 10, huwa amechukua yuniti 25. Kosa hilo laweza kumwangusha mtoto kabla hajamaliza kula. Ununuapo dawa upande huu wa mpaka au ule, soma maandishi ya chupa na ya bomba, tena mchana kweupe.

Insulini ya maziwamaziwa husogezwasogezwa taratibu kati ya viganja hadi ichanganyike, wala haitikiswi. Sindano huchomwa katika mafuta yaliyo chini ya ngozi, tumboni au pajani, na mahali hubadilishwa kila mara ili nyama isifanye uvimbe. Sindano zilizotumika ziwekwe katika kopo gumu lenye kifuniko na kurudishwa kituo cha afya. Zisitupwe jaani wanakochezea watoto.

CHUNGU BADALA YA JOKOFU

Chupa isiyofunguliwa hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, wala isigande, kwani insulini iliyoganda imeharibika. Asiye na jokofu aombe kituo cha afya kimwekee akiba. Ile inayotumika nyumbani itunzwe kwa vyungu viwili. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, ujaze mchanga katikati, uumwagie maji asubuhi na jioni, kisha ufunike kwa kitambaa kilicholowa. Maji yanapokuwa mvuke huondoka na joto. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alieneza maarifa haya miaka ya 1990 kwa kuhifadhi mboga, nayo yafaa kwa insulini pia. Chupa ifungwe ndani ya mfuko wa nailoni isiguswe na maji, na chungu kikae kivulini penye upepo. Msimu wa mvua hewa inapokuwa na unyevu mwingi, ubaridi hupungua. Basi pachaguliwe mahali pa baridi kuliko pote nyumbani. Dawa isiachwe chini ya bati, wala ndani ya boksi la pikipiki, wala katika basi lililosimama juani kwenye foleni ya mpakani.

CHAKULA KWA SAA YAKE

Mtoto wa kisukari hapikiwi chungu chake peke yake. Ugali wa wimbi, mtama au muhogo, uliozoeleka kwa Wateso na Wajopadhola, anaweza kuula, mradi kiasi kisibadilikebadilike: leo konzi moja, kesho tatu. Aongezewe kunde, mlenda na mboga nyingine za majani, pamoja na dagaa, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene. Soda na chai ya sukari nyingi visiwe vinywaji vya kila siku.

Insulini ya mchanganyiko, inayotolewa sana katika hospitali za umma, kwa kawaida huchomwa mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi na cha jioni. Kwa hiyo chakula kiwe tayari, au kiwe karibu kuiva, kabla ya kuchoma. Aliyechomwa akakosa kula yumo hatarini. Mtu mzima anayetumia insulini naye ajue kwamba kukaa kwenye mrija wa malwa bila kula ni njia ya kuanguka, na wenzake watadhani amelewa tu.

SUKARI IKISHUKA, SUKARI IKIPANDA

Mtoto akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akiwa mkali bila sababu au akizubaa, huenda sukari imeshuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Ikiwa hakuna kipimo, usingoje. Mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15, kama hajatulia, mpe tena, kisha ale chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na kupelekwa hospitali mara moja. Mwalimu wa darasa aelezwe mapema, ili asimwadhibu mtoto anayesinzia badala ya kumpa sukari.

Jambo la pili ni homa. Eneo la Tororo lajulikana tangu zamani kwa wingi wa malaria, na mtoto akitapika na kulegea kila mtu husema ni malaria. Mtoto wa kisukari apimwe damu kwa yote mawili, malaria na sukari. Wala mzazi asiseme, "Hali chakula, basi sindano ya nini?" Mwili wenye homa mara nyingi huhitaji insulini zaidi. Anywe maji kwa wingi, sukari ipimwe kila baada ya saa chache, na kliniki iulizwe kipimo. Akitapika mfululizo, akiumwa tumbo, akihema kwa nguvu, au pumzi ikinukia kama matunda yaliyoiva mno, asilale nyumbani usiku huo.

Familia nyingi za huku zina ndugu pande zote mbili. Mtoto akivuka kwenda kwa bibi yake wakati wa likizo, avuke na chupa, mabomba, daftari na pakiti ndogo ya sukari. Kliniki iwe moja na daftari liwe moja, hata kama maduka ya dawa ni mengi.

Tena kazi hii isimwelemee mama peke yake. Kabla juma la kwanza halijaisha, watu wawili nyumbani wawe wameonyeshwa na muuguzi namna ya kuchota na kuchoma: baba, dada mkubwa, au bibi mwenye macho mazuri. Mama naye huugua, na siku atakayougua yeye, insulini ya mtoto haitangoja apone.