Mbinga kulala, ziwani kuoga: piga hesabu kabla ya kubeba begi

Msomaji wangu mmoja wa Kinondoni, jina nalihifadhi, ana kesi. Yeye, kaka yake na binamu yao wa kike wanamsindikiza mshikaji wao kwenda kutoa mahari Mbinga, mkoani Ruvuma. Mambo ya mahari yakishaisha wanataka siku mbili za kuteremka Ziwa Nyasa wakale mbasa na kupunga upepo. Ukishatoa nauli ya basi ya kwenda na kurudi Dar, kila mmoja kabakiwa na laki moja. Swali lake: walale wapi, wasije wakaanza kukopa nauli kwa wakwe wapya?

Usicheke. Kukopa kwa wakwe wiki ile ile ya mahari ni aibu inayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo leo tukae kitako, tupige hesabu ya vitanda.

Kwanza mjue kilichobadilika kule. Kutoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay ni kilomita 66. Enzi za barabara ya vumbi, masika ikichanganya, kilomita hizo zilikuwa safari ya kuandikia wosia. Magari yalikwama milimani, na ukishafika ziwani ulilala huko utake usitake. Ujenzi wa lami ulianza 2018, na sasa mtu anakunywa chai Mbinga na kuteremka asubuhi hiyo hiyo kwenda kuoga ziwani. Ndiyo maana wajanja wengi wa mjini wanajiambia, "Aah, gesti za Mbinga ndizo rahisi, tutalala huku, ziwani tutakwenda mchana na kurudi."

Hapo ndipo wanapoliwa.

Chukua kalamu. Namba hizi ni za ubaoni, za kufanyia hesabu tu. Ukifika utaweka zako, maana bei za huko zinapanda na kushuka kama mawimbi. Tuseme chumba Mbinga ni 15,000, nauli ya kuteremka ziwani na kurudi ni 14,000, na chumba cha kawaida Mbamba Bay ni 20,000. Kwa siku mbili, anayelala Mbinga analipa vyumba 30,000 na nauli mara mbili 28,000. Jumla 58,000. Anayeteremka na begi lake analipa vyumba 40,000 na nauli mara moja 14,000. Jumla 54,000. Umeona? Yule wa kitanda cha bei poa katoa nyingi zaidi, na jua likizama kule upande wa Malawi yeye yuko kwenye kiti cha gari, kabanwa na gunia la dagaa, anapandisha mlima.

Ila kama ni siku moja tu, lala Mbinga. Siku mbili na kuendelea, shuka na begi.

Sasa tuje kwenye kimbembe cha singo na dabo. Vijana wa kiume wakisafiri wawili huwa wanapanga kuchanga: chumba kimoja, kila mtu nusu. Wakifika mapokezi wanakutana na tangazo ukutani: watu wa jinsia moja hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Gesti nyingi nchini zinalo, na mhudumu hana habari kama ninyi mmetoka tumbo moja. Lakini mwanamume na mwanamke wakiingia, hata kama wamejuana kwenye basi pale Makambako, wanapewa ufunguo mmoja kwa bei moja. Kwa hiyo msomaji wangu na kaka yake wahesabu vyumba viwili, na binamu chake, vitatu. Wasipige hesabu ya kubanana halafu wakaumbuka usiku. Afadhali wapige simu kabla waulize, kwani zipo zinazokubali ndugu, hasa zile zenye vyumba vya vitanda viwili.

Loji za ufukweni je? Huko ndiko kwenye viti vya kuegemea mchangani na taa za rangi. Ukisikia 60,000 unashtuka, ni haki yako. Lakini uliza kwanza: chai ya asubuhi imo? Neti imo? Bei ni ya chumba au ya kichwa? Wanandoa wakilipa 60,000 kwa chumba, na chai ya asubuhi ya watu wawili imo, kila mmoja analala kwa 30,000 na tumbo limejaa. Yule wa chumba cha 20,000 akitoka kwenda kutafuta supu na chapati, kisha bodaboda ya kumrudisha, tofauti inaanza kupungua. Uliza pia kama bei ina VAT ndani. Penye usajili wa kodi hiyo ni asilimia 18, na 60,000 ikiongezwa asilimia 18 inakuwa 70,800. Hiyo 10,800 ukikutana nayo asubuhi ya kuondoka utadhani umeibiwa.

Gesti bubu siisemi sana. Kila mji unazo: hakuna kibao, hakuna kitabu cha wageni, ufunguo unaletwa na mtoto. Bei ni ya kutupa. Ukiibiwa simu utamwambia nani? Kile kitabu cha mapokezi kinachokuuliza jina, kazi, utokako na uendako kinakera, lakini ndicho kinachoonyesha kwamba ulilala pale.

Jambo la neti nalitilia mkazo, na hili si la starehe. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, kuna joto, na mbu wa malaria wanajua kazi yao. Mbinga mjini ni juu milimani, mwezi wa sita na wa saba baridi inakung'ata mpaka unaomba blanketi la pili. Kwa hiyo huku juu unalipia maji ya moto na blanketi, kule chini unalipia neti isiyo na matundu na feni. Chumba cha bei chee chenye neti iliyotoboka kama wavu wa kuvulia si chumba cha bei chee. Ongeza kipimo, dawa, na siku tatu za kazi utakazolala Dar ukitetemeka. Kichocho nacho kimo ziwani. Usioge kwenye majimaji yaliyotulia yenye majani, na ukirudi mjini pima.

Msimu nao una bei yake. Kahawa ya Mbinga ikianza kuvunwa katikati ya mwaka, pesa inaingia mjini na wanunuzi wanajaza vyumba. Madereva wa malori ya makaa ya mawe ya Ngaka nao wanahitaji pa kulala. Desemba Wamatengo na Wanyasa wa mijini wanarudi nyumbani. Ukitaka kupatana bei, nenda miezi ambayo mhudumu anasinzia mapokezi.

Kwa wasiopenda makelele ya muziki wa baa, kuna nyumba za wageni za misheni. Mkoa ule ni wa misheni hasa: Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898, Waanglikana wana kituo chao cha siku nyingi Liuli, na Jimbo Katoliki la Mbinga lilianzishwa 1986. Nyumba za aina hii kwa kawaida ni safi, chakula kipo kwa saa, bei haina mizungu. Ila geti lina saa yake ya kufungwa, na bia utaiota tu. Kwa binamu wa kike anayetaka kulala bila kugongewa mlango usiku wa manane, mimi ningemwelekeza huko bila kufikiri mara mbili.

Na ukifika Liuli kuna cha kutazama: jiwe la Pomonda, lililowaficha watu enzi za vita vya Wangoni. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na ni hapo Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wenye hema wanaweza kufikiria kupiga kambi vijiji vya mwambao, lakini ripoti kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mpe mwenye uwanja chochote, na uliza wavuvi kuhusu mamba kabla hujachagua pa kutandika.

Nimebakiza malazi ambayo kila mtu anadhani ni bure: kwa ndugu. Kaka wa msomaji wangu ana shangazi Mbamba Bay na anataka wote watatu wakafikie huko. Haya, hesabu. Huwezi kuingia kwa shangazi mikono mitupu. Sukari kilo mbili, mchele, mafuta, sabuni, kitenge cha shangazi, daftari za watoto. Siku ya kuondoka utamwachia ya mboga, na mtoto aliyekubebea begi mpaka stendi naye anakutazama usoni. Ikitimia 50,000 usishangae, na ziwani hukwenda kwa saa unazotaka, maana kila jioni kuna jirani anakuja kukusalimia. Mkiwa watatu mkachanga, hapo kwa shangazi panawashinda gesti zote kwa bei, na samaki wake hauzwi hotelini. Mkiwa na haraka zenu za kupiga picha, laleni gesti, mkamwone shangazi mchana na kilo zenu za sukari. Kupita bila kumwona ndiko kosa.

Na popote mtakapolala, acheni nafasi kwenye mabegi. Hamtatoka kwa shangazi wala kwa wakwe bila maharage, kahawa na samaki wakavu wa kupeleka Dar, na konda akiuona mfuko wa ziada lazima atataka chake.