Kiti cha uuguzi hakiulizi kwenu ni wapi, lakini basari huuliza

Kama ulishuka kwenye steji ya Ruiru au Thika ukiwa na begi moja na matokeo ya KCSE yaliyochapishwa saiba, na ndoto yako ni kuvaa sare ya muuguzi, keti tuongee. Labda mlihama na wazazi waliofuata kazi ya kiwanda Thika. Labda ulitumwa kwa shangazi Githurai ukae "kwa muda tu", na muda huo sasa ni mwaka wa nne. Hauko peke yako. Sensa ya 2009 ilipata watu karibu 239,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikapata zaidi ya 490,000. Hao wote hawakuzaliwa hapa ndani ya miaka 10. Wengi walikuja na godoro juu ya pikapu, kama tulivyokuja sisi kutoka Magharibi: mama, mimi na dadangu mdogo.

Nianze na lililo rahisi. Kiti chenyewe cha chuo kikuu hakina kabila wala kaunti. KUCCPS, ambayo ilirithi kazi ya kugawa nafasi kutoka kwa JAB, huangalia alama zako na pointi za klasta. Haijali ulifanyia mtihani Lodwar, Mwingi au Kilifi, na hakuna aliyeandika kwamba nafasi za JKUAT ni za watu wa Juja. Na kwa kweli sisi wa Thika Road tuna bahati. Kenyatta University iko hapo Kahawa, JKUAT iko Juja, Mount Kenya University iko Thika mjini, na KMTC ina kampasi Thika. Zote ziko kwenye barabara moja, na zinafundisha uuguzi. Kuna vijana wanaolala kwenye basi usiku kucha kuifikia shule kama hizo. Wewe unapanda matatu moja.

Lakini kabla hujaota sana, toa karatasi ya matokeo uisome somo kwa somo. Baraza la Wauguzi Kenya halitosheki na gredi ya jumla. Kwa shahada linataka wastani wa C+, halafu C+ katika Kiswahili au Kiingereza, C+ Biolojia, C+ Kemia, na C+ nyingine katika Hisabati au Fizikia. Nimeona mtu mwenye B- ya jumla akilia kwa sababu ya C moja ya Kemia. Na si jambo la kujaribu bahati, kwa kuwa kila mwanafunzi wa uuguzi lazima aandikishwe na Baraza apewe indeksi. Usipoandikishwa, hufanyi mtihani wa leseni, na bila leseni hakuna wodi itakayokupokea hata kama umelipa karo miaka yote 4.

Kwa hivyo ukikutana na lile bango zuri lililofungwa kwenye nguzo ya stima, "Nursing, usajili unaendelea", usitume pesa ya kujiandikisha siku hiyo hiyo. Ingia kwanza kwenye tovuti ya Baraza uangalie kama chuo hicho kimeidhinishwa, na kimeidhinishwa kwa kozi gani, maana kuna wenye kibali cha diploma wasio na cha shahada. Ni kazi ya dakika 10 na bando la shilingi 20. Na kama gredi zako hazifiki za shahada, diploma ya KMTC inaanzia wastani wa C, nayo pia ina masharti yake ya masomo. Usiidharau. Wauguzi wengi walianzia hapo, wakafanya kazi, kisha wakarudi darasani kuongeza shahada.

Jambo jingine dogo: usishangae ukihama Kakamega uje Ruiru halafu uitwe Masinde Muliro, Kakamega. Jirani yetu yalimpata hayo, tukacheka mpaka tukakumbuka kwamba kodi ya nyumba ya mama yake bado ililipwa hapa. KUCCPS huwa inafungua dirisha la kuomba uhamisho kati ya vyuo. Utahitaji kuwa umefikisha pointi za kozi unayoiendea, na nafasi iwepo. Kaa macho, dirisha hilo huwa halikai wazi muda mrefu.

Sasa tufike kwa pesa, ambako ndiko kunakoniuma.

Dadangu alipita. Aliitwa chuo cha umma kusomea shahada ya uuguzi, na siku hiyo mama alinunua nyama kilo mbili bila kuuliza bei. Tangu 2023 serikali inagawa ufadhili kwa kupima uwezo wa familia: unaomba ufadhili na mkopo, unawekwa kwenye bendi, na mzazi anabaki na kipande chake. Mfumo huo umepelekwa mahakamani na kurekebishwa, lakini kile kipande cha mzazi hakijawahi kutoweka. Aliyechagua chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, ila ufadhili wa serikali haumhusu. Na uuguzi si kozi ya daftari na kalamu. Kuna sare, viatu vya kufunika kidole, saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo, nauli ya kwenda hospitali ya mazoezi alfajiri kabla matatu hazijashusha bei. Mama anauza nguo za mitumba Kimbo. Mkopo ulipoingia, bado tulibaki na shimo.

Ndipo tukaambiwa kuna basari.

Tulichukua fomu mbili, moja ya kaunti na moja ya eneobunge. Fomu zilitaka sahihi ya chifu, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na aliyetupokea akaongeza kadi ya kura ya mzazi, ambayo haikuwa imeandikwa popote. Kisha akamuuliza mama swali ambalo kila Mkenya amewahi kuulizwa.

"Mama, kwenu ni wapi?"

"Ni hapa Kimbo."

"Hapana. Kwenu kwenu."

Kwenu kwenu. Neno likisemwa mara mbili ujue nyumba unayolipia kodi haihesabiki. Mama akataja kijiji. Yule mtu, bila ubaya wowote usoni, akarudisha fomu: "Basi enda uombe kule, wenyewe wa hapa ni wengi." Mama aliomba ruhusa ya siku mbili kutoka kwa mwenye kibanda, akapanda basi la usiku. Kule kijijini akaambiwa, tena kwa upole, kwamba familia yetu haijaonekana kwa baraza tangu tuhame, na orodha ni ya "walio hapa". Alirudi asubuhi ya tatu na ile fomu ikiwa imekunjwa mara nne. Nauli ya kwenda na kurudi ingenunua vile viatu.

Watu wa Ruiru walisema sisi ni wa kijijini. Watu wa kijijini walisema sisi ni wa Ruiru. Ukijumlisha, hatukuwa wa mahali popote, ilhali Kipengele cha 39 cha Katiba kinasema kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini Kenya. Sijaona hapo mstari unaosema haki hiyo inafutika ukifika dirisha la basari.

Najua utetezi. Pesa ni kidogo, fomu ni nyingi, na tukiwafungulia wote waliohamia Thika Road, mtoto wa hapa atabaki na nini? Sikejeli hoja hiyo. Kuna familia zimekaa Ruiru tangu enzi za mashamba ya kahawa, na nazo zina shida ya karo kama sisi. Pia kuna wajanja, hilo nakubali, wanaojaza fomu kaunti mbili na kupata kotekote.

Lakini hebu tuangalie pesa hizo zilitoka wapi. Kaunti hupata mgao wake kutoka serikali ya kitaifa kwa fomyula inayoangalia, pamoja na mambo mengine, idadi ya watu. Idadi hiyo hutoka kwenye sensa. Na usiku wa Agosti 24, 2019, karani wa sensa aliyegonga mlango wetu hakumuuliza mama kwenu kwenu ni wapi. Aliuliza nani amelala humu usiku huu. Tulihesabiwa Kiambu, watu watatu. Mama hulipa ada ya soko Kiambu. Matatu anayopanda hulipia steji Kiambu. Wakati wa kuleta pesa sisi ni wa hapa, wakati wa kugawa sisi ni wageni. Hapo mimi nakataa.

(Kuna wanaosema kaunti hazipaswi kugharamia vyuo vikuu hata kidogo, kwani Jedwali la Nne la Katiba linazipa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na elimu ya chuo kikuu ni ya serikali ya kitaifa. Wana hoja, na mvutano huo umefika hadi kortini. Lakini maadamu basari inatolewa, itolewe kwa haki.)

Ninachotaka si kigumu. Kigezo kiwe makazi. Mwombaji aonyeshe ameishi katika wadi hiyo miaka miwili au mitatu: risiti za kodi au jumbe za M-Pesa kwa mwenye nyumba, barua ya mzee wa Nyumba Kumi, cheti cha shule aliyosomea. Anayetaka kudanganya itambidi adanganye miezi 24 mfululizo. Kadi ya kura itolewe kabisa kwenye orodha, iwe imeandikwa au inaombwa kwa mdomo, maana msaada wa karo si shukrani kwa mpiga kura. Na mwenye kukataa fomu aandike sababu na kuweka sahihi. Utashangaa jinsi "enda kwenu" itakavyokuwa ngumu kuandika.

Kuna sababu nyingine ya mimi kulishikilia jambo hili kwa uuguzi hasa. Ukilazwa Thika Level 5 au hospitali ya Ruiru usiku, utahudumiwa na watu wa kila pembe ya Kenya, na hakuna mgonjwa anayemuuliza muuguzi kwenu kwenu ni wapi kabla ya kudungwa sindano. Hizi hospitali zinahudumia mji uliokua maradufu kwa miaka 10. Wauguzi wake watatoka wapi kama si katika hizi hizi ploti zenye watu wa kuja?

Wakati tunangoja waliotuongoza wasikie, wewe usikae. Kama mtihani ni mwaka huu, anza kutunza karatasi sasa: risiti, barua, nakala za vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo kama mzazi mmoja hayupo. Mwambie mzazi aamue kura yake iko wapi. Mimi sikubaliani na kadi ya kura kuombwa, nimeshasema, lakini IEBC huruhusu mpiga kura kuhamisha kituo, na kwa leo njaa haingoji kanuni ibadilike. Jitambulishe kwa chifu kabla hujahitaji sahihi yake. Wengi wetu humjua tu siku ya fomu. Omba HELB mapema, kwa sababu HELB hukopesha Mkenya anayestahili bila kujali amehamia wapi. Uliza ofisi ya wanafunzi chuoni kama kuna kazi za kulipwa au mfuko wa wahitaji. Dadangu alipata kazi ya maktaba kwa kuuliza tu, na aliyeuliza baada yake akakuta imejaa.

Na ukirudishiwa fomu, usiikunje. Muulize aliyeirudisha kanuni hiyo imeandikwa wapi. Uliza kwa heshima, lakini uliza, kisha umpigie diwani wako simu. Yeye huomba kura katika ploti hizi zote bila kuuliza mtu kwenu.

Dadangu sasa yuko mwaka wa pili. Karo ya muhula uliopita tuliimaliza kwa chama cha mama na kwa mjomba aliyeuza ndama. Ya muhula huu bado. Mama alihamisha kura yake, akasema ameihamisha kwa hasira. Fomu mpya zikitoka tutazipeleka, mimi na yeye, tukiwa na bahasha ya risiti za kodi za miaka mitano, na akiulizwa kwenu kwenu ni wapi, amesema atajibu Kimbo, halafu atanyamaza.