Biriani ya Ijumaa si chakula cha mtoto wa mbwa

Kila nikilizungumza jambo hili hapa Muhaisnah hujibiwa neno moja: kutupa chakula ni israfu. Kweli ni israfu. Lakini hebu tuitazame hiyo biriani inayobaki siniani kabla hatujammwagia mtoto wa mbwa uani.

Mna vitunguu vya kukaanga, mna thomu, mna zabibu kavu. Kitunguu, hata kikipikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na thomu ni ndugu yake. Zabibu ndiyo mbaya zaidi: chache tu zaweza kuua figo, na huwezi kujua mapema mbwa yupi atahimili. Jirani yangu alikesha kwa daktari wa wanyama kwa sababu ya konzi moja ya wali wa zabibu. Kisha mifupa ya kuku. Ikishapikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Tende nazo, kokwa lake laweza kuziba utumbo wa kitoto cha kilo tatu.

Mtaniambia mbwa wa Unguja walikula ugali na dagaa wakaishi. Waliishi walioishi, waliokufa nani aliwahesabu?

Wenye saluki wana lao. Saluki kaumbwa mwembamba, mbavu kuonekana kidogo si njaa. Wao humjaza maziwa ya ng'ombe, akaharisha, au vidonge vya kalsiamu "mifupa ikaze". Mbwa wa kimo kirefu akizidishiwa kalsiamu na kunenepeshwa upesi, mifupa hukua vibaya. Nunueni chakula kilichoandikwa cha mbwa anayekua, msikiongezee kitu ila daktari akisema. Hadi miezi minne mpeni mara nne kwa siku, hadi sita mara tatu, kisha mbili. Mkibadilisha chakula, changanyeni kidogo kidogo kwa wiki nzima. Na kwa joto letu la Julai, chakula chenye majimaji kisiachwe uani, na maji yakae kivulini.

Chanjo na leseni tunazifuata, maana manispaa inauliza. Bakuli halina wa kuliuliza.

Na hiyo israfu, kama kweli inatuuma, tupakue fungu kabla mikono haijaingia siniani. Muhaisnah 2, dakika chache tu kwa gari, wamejaa vijana wa kazi wanaokula mbali na mama zao.