Kodi ya Miezi Sita: Benki ya Isingiro ni Mpangaji

Mwalimu mpya akipangiwa shule huku Isingiro, wilayani Kyerwa, hushuka kwenye basi na begi moja na godoro, na kabla ya siku ya pili kwisha anatakiwa alipe kodi ya miezi sita. Mshahara wa kwanza bado. Chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi, kwa hiyo anadaiwa 240,000 ndipo apewe ufunguo. Atampigia simu kaka yake, atamkopa mwalimu mwenzake, atafikisha. Mzee mmoja mwenye vyumba alinifunulia daftari lake siku moja, bila kuficha kitu. Mstari wa juu: "Mwalimu, miezi 6." Mstari unaofuata, kwa kalamu ileile: "Bati 8."

Fedha ya mwalimu haikulala hata usiku mmoja. Ilipanda juu ya kenchi za chumba cha tano, ambamo mwalimu huyo hatalala kamwe.

Hivyo ndivyo nyumba za kupanga zinavyosimama Isingiro, Nkwenda, Kaisho, na hata Kayanga na Omurushaka upande wa Karagwe. Kahawa inaanza, mpangaji anamalizia. Msimu mmoja unachimba msingi na kuchoma tofali, msimu wa pili unainua boma hadi lenta, kisha boma hilo linanyeshewa mwaka mzima likisubiri bei. Mwaka 2024 robusta ilipopita dola 5,000 kwa tani kwenye soko la London, mafundi huku walichagua kazi. Na wateja wa vyumba wapo. Tangu Kyerwa ikatwe kutoka Karagwe mwaka 2012, wilaya imehitaji maofisa wake yenyewe, walimu, wauguzi na polisi, watu wa mshahara wasio na shamba wala ukoo hapa. Lazima walale mahali.

Swali ninaloulizwa na vijana wanaotaka kuingia kwenye biashara hii ni moja: nikakope benki nijenge? Jibu langu ni hapana, na tupige hesabu pamoja. Tuchukue vyumba sita vya 30,000 kila kimoja, vilivyogharimu milioni 20 hadi plasta na choo. Vikijaa mwaka mzima bila hata kimoja kukaa wazi, vinaleta 2,160,000. Riba za benki zetu huzunguka asilimia 15 kwa mwaka, na kwa milioni 20 hiyo ni milioni 3. Kodi yote haitoshi kulipa riba, achilia mbali mkopo wenyewe. Hapo bado hujatoa kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, bado hujarekebisha choo kilichotitia, bado muuguzi hajahamishwa Desemba na chumba kikabaki kitupu hadi Machi.

Ukiweka shamba la migomba na kahawa kama dhamana ya vyumba vya namna hiyo, unaliweka rehani kwa biashara isiyoweza hata kulipa riba yake. Mji mkubwa una hesabu nyingine, na ndio uliofikiriwa ilipotungwa sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008 na ilipoanzishwa kampuni ya TMRC mwaka 2010 kuzipa benki fedha za muda mrefu. Benki ya Nyumba tuliyokuwa nayo ilikufa mwaka 1995. Tangu hapo mtu wa kijijini, mwenye hati ya kimila au asiye na hati kabisa, amejijengea mwenyewe.

Amejijengea, lakini kwa fedha ya mpangaji, na hapa ndipo ninapotaka tusimame. Mkulima wa Kagera anaijua butura: mchuuzi ananunua kahawa ingali ua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mkulima ana mtoto wa kupeleka shule leo. Serikali imeikemea miaka nenda rudi, na ni haki yake. Anayetoa fedha mapema katika butura anajichukulia faida ya kinyama. Katika kodi ya miezi sita, anayetoa fedha mapema hapati hata senti. Mwalimu anamkopesha mzee 240,000 bila riba, bila punguzo, mara nyingi bila karatasi, huku yeye mwenyewe akiwa amezikopa. Akihamishwa mwezi wa tatu, jasho lake linabaki kwenye bati.

Sisemi wenye nyumba ni wabaya. Mzee wa daftari ana vyumba vinne vya kukodisha na wajukuu wanaosoma. Bila kodi ya mbele, chumba cha tano kisingeezekwa, na mwalimu anayefuata angelala wapi? Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka sheria ya kulazimisha kodi ya mwezi mmoja mmoja. Ghana iliweka ukomo wa miezi sita katika sheria ya mwaka 1963, na bado wapangaji wa Accra hudaiwa ya miaka miwili. Amri peke yake haimwagi zege.

Lakini kuacha mambo bila sheria nako si jibu. Sisi Tanzania tulifuta Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984 ilipofika 2005. Ng'ambo ya Mto Kagera kuna wilaya yenye jina hili hili, Isingiro ya Uganda. Sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inazuia kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Huku kwetu mpangaji huambiwa Jumapili jioni kwamba kuanzia kesho chumba kimepanda.

Kinachotakiwa Kyerwa hakihitaji kungoja Bunge. Halmashauri ichapishe mkataba wa ukurasa mmoja, upatikane bure kwa mtendaji wa kata, useme mambo matatu: anayelipa miezi sita analipia mitano na nusu, akihama mapema kwa barua ya mwajiri anarudishiwa miezi iliyobaki, hata kwa awamu, na kodi haipandi kabla muda uliolipiwa haujaisha. SACCOS za walimu na za wakulima zikubali mkataba huo kama ushahidi wa mapato, ili mwenye nyumba akope kidogo kwa bati na saruji pasipo kugusa hati ya shamba.

Wazee wangu wenye vyumba, anzeni hata kabla halmashauri haijaamka. Mpangaji akikuhesabia kodi ya miezi sita, mwandikie karatasi, utie sahihi, umrudishie nusu mwezi wake.